Baraza Ni Yangu

Jumamosi, 2 Machi 1996

Dhuluma! Nimelala tena sebuleni kwa dada yangu Manar, huku Mbaraki, juu ya mkeka, na watoto wake wamenikanyaga wakienda chuoni kusoma Kurani. Mwanamume mzima! Mwenye nyumba mtaa wa Kuze! Nyumba tumeinunua pamoja, mke wangu Mona na mimi, majina yetu yote mawili yamo kwenye hati, na bado nimefukuzwa kwa sababu ya kuku. Hatujaachana, la. Tumetengana tu. Nilimpangisha mtu dari yetu, kule juu ya nyumba, afuge kuku, biashara safi kabisa, ila nilisahau kumwambia Mona. Akanitolea begi mlangoni pamoja na tenga la jogoo, majirani wote wakitazama.

Leo shemeji Yeslam amenitangazia, kwa upole wa kuudhi, kwamba mamake anakuja kutoka Lamu siku ya Ijumaa na sebule itakuwa yake. Nimeelewa. Mimi si mjinga.

Jumapili, 3 Machi

Nimepata mpango! Kamati ya wakfu ina chumba kitupu nyuma ya msikiti. Kina dirisha, kina bomba lake chenyewe, na hupewa mtu asiye na pa kukaa. Nani hana pa kukaa kunishinda mimi? Nimemwendea katibu wao, Maalim Zein, nimevaa kanzu kuukuu, ile yenye kiraka kwapani. Nimemwambia sina nyumba, nalala kwa watu. Uwongo uko wapi? Nusu nyumba si nyumba! Maalim alinipa pole mpaka nikajihurumia mwenyewe, machozi yakanilenga. Kasema wazee watapita mtaani kuniulizia, ndiyo desturi yao, na Alhamisi watakata shauri.

Jumatatu, 4 Machi

Baada ya alasiri nimekwenda Kuze kukaa barazani kwangu, kama kila siku. Nimeikuta imerowa chepechepe! Mona siku hizi huiosha saa ile ile ya mimi kufika. Nikapiga kelele kwamba nusu ya baraza ni yangu. Akajibu kutoka dirishani, bila hata kunitazama, kwamba yeye ameosha nusu yake tu, maji ndiyo hayajui mpaka.

Nimekaa hivyo hivyo. Nimerudi Mbaraki na kikoi kibichi. Manar kanishauri nisikanyage Kuze wiki hii, mpaka wazee wa wakfu wamalize kuulizia. Ushauri wa kike! Mtu akikosa kuonekana barazani kwake, si watu watasema amekufa?

Jumatano, 6 Machi

Msiba. Nilikuwa nimekaa zangu, kikombe cha kahawa mkononi, mara wazee watatu wakakunja kona, Maalim Zein mbele. Wakasimama mbele yangu. Sasa mimi nimezaliwa na kulelewa mji huu. Wazee wasimame mbele ya baraza uliyokalia, nawe unyamaze? Mdomo ukatangulia. Karibuni, karibuni kwangu! Nikainuka, nikapangusa baraza kwa kilemba changu, nikamwita muuza kahawa awamiminie wote, nikamwitia Mona alete halua. Naye akaileta, kwenye sahani nzuri, maana Mona hata akikuchukia hawezi kumwaibisha mgeni.

Mzee mmoja akausifu mlango. Nikamweleza kwamba niliuchagua mwenyewe, mbao za mvule, na kwamba ndani kuna ghorofa mbili na dari pana ya kufugia hata kuku. Maalim Zein akanywa kikombe cha pili, kisha akaniuliza taratibu, nyumba hii ni ya nani? Yangu, nikasema. Kifua mbele! Halafu nikakumbuka. Nikaongeza: nusu.

Mona akachomoza kichwa dirishani. Akasema ni kweli, Maalim, ni nusu yake, na nusu yenyewe ndiyo hiyo inayozungumza.

Wazee wakacheka mpaka wakakohoa. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Alhamisi, 7 Machi

Chumba kapewa Mzee Tsuma, mlinzi anayelala ghalani kule Liwatoni. Tsuma! Mtu asiye na hata baraza! Maalim Zein ananiambia hiyo ndiyo sababu. Amezungumza pia na Mona, naye amekubali nikae chumba cha chini, karibu na kisima kilichokauka, mpaka mambo yetu yafike kwa kadhi. Sharti lake ni moja: asisikie jogoo. Nimekataa katakata. Nina heshima yangu.

Magharibi mamake Yeslam akafika, siku moja kabla, na masanduku yake na kasuku. Nimekubali.

Jumamosi, 9 Machi

Chumba hakina dirisha. Bomba liko juu, kwa Mona. Naomba maji kwangu mwenyewe! Hii si nyumba, mimi hapa ni mgeni tu, na mgeni si ana haki ya kusaidiwa? Jana nimekwenda kwa kamati ya mtaa wa pili, ambao hawanijui. Wamenihurumia sana. Wanakuja jioni hii kuniulizia.

Manar kaja mbio kunisihi nijifungie ndani mpaka wapite. Nijifungie! Wageni wako njiani! Nimeshaagiza kahawa, nimeshamwomba Mona halua, na baraza nimeiosha mwenyewe, nusu zote mbili. Watu wazima waje mpaka mlangoni pangu, wakose wa kuwakaribisha?