Balbu Tatu na Mdomo Wangu

Jamani, nimeaibika. Tena mchana kweupe, mbele ya wazazi wote wa shule.

Mnajua nafundisha fizikia huku Lukozi. Mnajua pia nina mdomo. (Najua. Endeleeni kusoma.)

Leo kulikuwa na kikao cha kuamua nani afunge umeme kwenye maabara mpya. Wazazi walimtaka fundi Zuberi, mzee mwenye bisibisi mfukoni na elimu ya darasa la saba. Nikasimama kupinga. "Mtu asiyejua tofauti ya kuunga nyaya kwa mfuatano na kwa sambamba atatuchomea shule!"

Mzee Zuberi mwenyewe alikuwepo, mstari wa mbele. Mwalimu mkuu, mama asiyependa maneno mengi, akasema, "Basi tuonyeshe hiyo tofauti."

Nilikuwa nimejiandaa! Nikaweka mezani ubao wenye balbu tatu na betri ya pikipiki. "Hizi nimeziunga sambamba. Kila balbu ina njia yake ya umeme." Nikawasha.

Zikawaka, kama kule ni kuwaka. Jiko la mkaa lililosahaulika lina mwanga zaidi.

Mzee Zuberi akainua mkono. "Samahani mwalimu. Hizo si za mfuatano, zote njia moja?"

"Mzee, betri imechoka tu. Hii ni fizikia, si kufunga soketi za saluni." (Ndiyo, nilisema hivyo. Kwa mtu wa rika la baba yangu.)

Nikaendelea. "Zingekuwa za mfuatano, ningechomoa moja zote zingezima. Sasa tazameni!"

Nikachomoa moja.

Zote zikazima.

Mama mmoja kule nyuma akasema kitu kwa Kishambaa, watu wakaangua kicheko. Mimi mtu wa Shinyanga sikuelewa, na sikuomba tafsiri.

Mzee Zuberi akaja, akahamisha nyaya. Hazikupita hata dakika mbili. Balbu zikawaka mpaka watu wa mbele wakafinya macho. Kwa betri ile ile iliyochoka! Akachomoa moja, mbili zikaendelea kuwaka, zinanidharau.

"Usijali mwalimu," akaninong'oneza. "Hata mimi niliwahi kukosea hivyo. Siku ya kwanza."

Siku ya kwanza! Mimi nina miaka sita kazini.

Kazi kapewa yeye. Na mwalimu mkuu kaniteua nimsaidie, kazi yangu kumshikia ngazi. Tunaanza Jumatatu.

Ombi langu moja tu: mkipita mkaniona chini ya ngazi, semeni mmemwona mtu anayefanana na mimi.