Maji ya Pili kwa Mama Mzazi

Jumatatu, 10 Februari 2025

Mashine imewaka! Mdogo wangu Fahadi kafunga duka lake la maji kule Tanga, kaniletea mashine yake ya kuchujia. Bure kabisa! Ukubwa wake kama kabati la vyombo. Inavuta maji ya bomba, inayatoa chumvi na kila kitu. Fundi Alen kaiunga asubuhi kwenye bomba langu, na bomba langu ndilo la kwanza kutoka kwenye tangi la kitongoji. Bahati iliyoje.

Kasoro moja ndogo. Kwa kila ndoo moja safi, ndoo tatu zinatoka kwenye mpira wa nyuma. Maji taka, kasema Alen. Nikamkataza neno hilo nyumbani kwangu. Haya ni maji ya pili.

Vumilia, mke wangu, kaonja yale safi. Kasema hayana ladha yoyote, ni sawa na kulamba kioo. Kauliza nani kaniambia maji ya chemchemi ya Lushoto yanaumwa hata yatibiwe. Nikaapa kwamba hata tone la maji ya pili halitamwagwa, kila tone litapata kazi. Kasema haya, Baba Aisha, tutaona. Hiyo "tutaona" yake naijua tangu tuoane. Haijawahi kuniishia vizuri.

Habari nyingine: Shadya, jirani wa bondeni, kajifungua jana. Mtoto wa kiume! Mimi nina mabinti wanne, nawapenda wote, lakini hakuna mtu duniani aliyeitwa Masudi kwa ajili yangu. Imeniuma kidogo.

Jumanne, 11 Februari

Nimedeki nyumba mara tatu. Nimemwagilia karoti. Nimeosha pikipiki ambayo haijawaka tangu mwaka juzi. Nimemwogesha mbuzi, kanipiga pembe ya paja.

Saa tano nikabandika maharage kwa maji ya pili, nimshangaze mke wangu. Saa kumi na moja yalikuwa bado yanagonga sufuria kama kokoto. Nikampigia Alen. Kanieleza kwamba chumvi yote iliyotolewa kwenye ile ndoo moja imehamia kwenye zile tatu, na maharage hayaelewani nayo. Si angesema mapema! Tumekula mkate na chai. Vumilia alitafuna akiniangalia.

Ndoo zimejaa, madumu yamejaa, hata karai la kukandia maandazi limejaa. Sebuleni hakuna pa kukanyaga.

Jumatano, 12 Februari

Mabomba ya chini yamekauka! Nyumba kumi na moja hazina maji. Kwangu yanatoka vizuri tu. Nikamshukuru Mungu.

Kisha nikamkumbuka Shadya. Mama mzazi, nepi za kufua, na bomba halina kitu! Zahoro, mumewe, anashuka korongoni na madumu mara nne kwa siku. Nikawapelekea ndoo mbili za maji ya pili. Nikawaeleza ni ya kufulia na kudeki, si ya kupikia, hasa maharage. Shadya kaniamkia kutoka ndani, shikamoo baba, kwa sauti ya mtu aliyechoka hasa. Kisha kalia. Nami nusura nilie.

Zahoro kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kasema Jumamosi ni siku ya saba, siku ya kumpa mtoto jina. Walikuwa wamefikiria jina la mjomba, lakini anayemletea mama mzazi maji wakati wa dhiki huyo ni zaidi ya mjomba. Masudi! Nilipanda kilima mbio, kwa magoti haya haya.

Mpango: mashine isizimwe, mchana na usiku. Watu wa chini wanahitaji maji ya pili, nitawapa. Yale safi hayana mtu anayeyataka, nimeyaelekeza mtaroni.

Alhamisi, 13 Februari

Mkutano wa kamati ya maji. Mwenyekiti ni Jafari, mwaka wa tisa sasa, na kofia ile ile. Kasema huenda ni kiangazi tu. Kiangazi! Nikasimama. Nikasema tuna mwizi, na kwamba kabichi za watu fulani zimestawi mno kwa msimu huu. Wote wakamgeukia Jafari, maana mwenye kabichi ni yeye. Kajitetea eti tangu jana mtaro wa juu ya shamba lake unapitisha maji safi, hajui yanatoka wapi, anamshukuru Mungu. Nikacheka kile kicheko cha ofisini. Nilikuwa karani miaka thelathini, ninacho. Nikamwambia mtaro hauna chemchemi.

Nikatoa njia ya kumnasa mwizi. Kesho baada ya sala ya Ijumaa tufunge koki za nyumba moja moja, Zahoro akae bondeni na bomba lake wazi. Koki ikifungwa maji yakarudi chini, mwizi ni mwenye koki hiyo. Adhabu nikaiandika kwa mkono wangu: kukatiwa maji nyumbani kwake siku arobaini, na siku hizo zote kumtekea mama mzazi ndoo mbili kila siku, kwa kichwa chake mwenyewe. Jafari kauliza kama si kali mno. Nikasema huruma ndiyo inayolea wezi. Makofi!

Ijumaa, 14 Februari

Nitaandika yote.

Tulianza kwa Jafari, kwa ombi langu. Bondeni kimya. Nyumba ya pili, kimya. Tukafunga zote kumi. Kimya! Jafari kasema, kwa ule upole wake unaoudhi, kwamba imebaki moja. Nikamjibu mpimaji hapimwi. Tukabishana pale mlangoni kwangu. Sikuona Vumilia alipoingia ndani.

Ghafla Zahoro akapiga kelele kule chini, maji, maji! Nikaruka. Nikapiga makofi. Nikatangaza mbele ya kitongoji kizima kwamba mnaona, njia yangu imemnasa mwizi!

Nilikuwa nashangilia peke yangu.

Vumilia kasimama mlangoni, mikono imelowa. Kafunga koki yetu. Kasema, Baba Aisha, tumeona.

Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Jafari kasema tu mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisha kaomba ile karatasi ya adhabu, kaisoma kwa sauti. Mwandiko wangu ni mzuri, hakukwama popote.

Zahoro hakuniangalia. Siku tatu mkewe kakosa maji kwa sababu yangu, na mimi siku hizo hizo nilikuwa napokea shukrani zake. Nimeona aibu. Aibu ya kweli, bila mzaha.

Jumamosi, 15 Februari

Siku ya saba. Nimefika na ndoo ya kwanza kichwani, kata chini yake imekaa upande, maji yananiingia shingoni. Wanawake walicheka mpaka wakashikana.

Mtoto kaitwa Jafari. Jafari! Mwenye kofia katoa machozi. Mimi nimekula pilau, nikaongezwa, nikala tena. Huzuni haizuii njaa.

Baadaye Shadya kaniita, kanipakatisha mtoto. Kasema baba, hata hivyo ulituletea maji. Sikujua pa kuweka uso. Mtoto kanishika kidole. Nikaangalia huku na huku, hakuna anayesikia, nikamnong'oneza: Masudi. Kafumbua jicho moja! Wallahi, kaitika.

Jumatatu, 17 Februari

Siku ya tatu ya kubeba. Zimebaki thelathini na saba. Shingo haigeuki. Vumilia kanikanda kwa mafuta ya nazi, kaniuliza kama nimejifunza. Nikamwambia sana, mke wangu. Karidhika.

Mashine iko stoo, chini ya turubai. Inatia huruma.

Leo nimeisoma upya karatasi ya adhabu. Aliyeiandika ni hodari, lakini kasahau jambo moja. Inasema nikatiwe maji nyumbani kwangu. Haisemi lolote juu ya chemchemi, kule juu ya tangi. Kule hakuna koki ya mtu! Mashine ikikaa pale, mpira mmoja mrefu utashusha maji ya pili mpaka mlangoni kwa Shadya, na shingo yangu itapona. Umeme nitaomba kwa Happiness, nyumba yake iko pale pale karibu na chemchemi. Tena ana mimba ya miezi saba. Ni Mlutheri, lakini Masudi ni jina tu, tutaelewana.

Nimempigia Alen. Anakuja kesho na mpira wa mita mia tatu.

Vumilia kauliza kutoka jikoni naandika nini muda wote huu. Nimemwambia naandika toba.