Grisi Yangu ya Parachichi

Jumatatu, 4 Agosti

Fundi Kosgei amekuja tena kubadilisha beringi za kisiagi. Mara ya tatu mwaka huu! Amekunywa chai kwa kikombe changu, halafu akamwambia mke wangu kwamba mashine ya kusaga inataka mtu anayeelewa chuma. Wariara akaitikia kwa kichwa. Mbele yangu!

Kisiagi ni cha Wariara, aliachiwa na marehemu babake. Mimi nasaga tu. Fundi alipoondoka, Wariara akaniambia wazi: Ijumaa tunasaga magunia manne ya harusi ya Lynn, mpwa wake. Mashine ikizima siku hiyo, ufunguo anapewa Kosgei, mimi narudi kukama ng'ombe. Mimi Muturi, niliyesoma fizikia hadi kidato cha tatu! Dundori nzima itanicheka.

Jumanne, 5 Agosti

Nimesoma kwa simu hadi chaji ikaisha. Kumbe mafuta ya mimea hung'ang'ania chuma kuliko grisi! Chuma hakiliki. Siri ni kuyachanganya: alizeti, mbarika na parachichi. Kosgei hajui hayo, simu yake ni ya kupiga tu.

Nimepata alizeti jikoni. Mbarika nimeomba kwa mathe Jeruto, jirani, anayeitumia kuchua magoti. Parachichi nimekosa, ila Wariara ana chupa ya mafuta ya parachichi ya kupaka nywele. Mpya. Nimemimina yote. Nikapasha moto, nikakoroga kwa mwiko wa ugali. Yametoka mazito, ya kijani, yanang'aa. Nimejivunia sana.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepangusa grisi ya Kosgei, nikapaka yangu. Ajabu! Kimya! Jeruto alileta mahindi debe moja, akauliza kama stima imepotea. Mashine ilikuwa inasaga!

Kosgei akapita, akasimama, akatega sikio. Akauliza nimeweka nini. Nikamwambia hiyo ni siri ya kampuni. Akasema sawa boss, lakini hayo mafuta yakipata moto na vumbi la unga, mimi mwenyewe nitakuja kumtafuta. Mwenye wivu ajinyonge.

Wariara ameulizia mafuta yake ya nywele. Nimesema ni panya.

Alhamisi, 7 Agosti

Kisiagi kinanukia chapati. Wateja wanameza mate kwenye foleni. Paka watatu wamelala mlangoni tangu asubuhi. Mimi naona ni biashara inachangamka.

Beringi ina joto kidogo. Nimeongeza vijiko vitatu.

Ijumaa, 8 Agosti

Gunia la kwanza, safi kabisa. Gunia la pili, mashine ikapiga yowe, ikatoa moshi, ikasimama. Wanawake wa harusi wote wako hapo na leso zao viunoni, wananiangalia. Wariara akamtuma mtu kwa Kosgei.

Fundi akafungua. Ee Mungu wangu! Vumbi la unga lilikuwa limeingia kwenye mafuta yangu, likakandika, likaiva kwa ule moto. Beringi imevaa andazi! La kahawia, gumu, mviringo kabisa. Jeruto akamega kipande, akakinusa, akasema hapo imekosekana sukari tu. Wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega. Hata Wariara alicheka, mpaka akanusa naye, akaijua harufu ya mafuta yake ya nywele. Hapo kicheko kikaisha.

Kosgei akakwangua, akapaka grisi, saa kumi magunia yote yakawa tayari. Ufunguo amepewa palepale, bila sherehe. Nimeumia. Nimelia zizini kidogo, na ng'ombe akanipiga mkia usoni.

Jumapili, 10 Agosti

Harusi imefana. Lynn alipendeza. Ugali ulikuwa na harufu kidogo ya parachichi, lakini watu waliongeza sahani. Siku mbili sasa nakama, nimepigwa teke mara nne.

Lakini nimefikiria sana. Leo baada ya ibada nimemkabili Kosgei. Nikamuuliza, kama mwanamume, chuma chini ya lile andazi kilikuwa kimelika? Akakuna kichwa. Akakiri hapana, hata mkwaruzo hakuna. Sikia hapo! Sikukosea! Kosa lote ni la unga.

Kinachotakiwa ni mashine isiyokaribia unga. Na Mungu si Athumani: kumbe Kigen, kinyozi wa pale sentani, kwenye maduka, mashine yake ya kunyoa inapiga kelele na kung'ata wateja visogo. Nimemweleza sayansi yote. Amesikiliza, kisha akasema atakubali niipake mashine yake mafuta yangu kwa sharti moja, kwamba kichwa cha kwanza kiwe changu.

Nimemwambia hilo si sharti, hiyo ni heshima. Kesho saa mbili asubuhi niko kwenye kiti.