Mwenye Kiti cha Hallbäck

Optatus, tapeli wa maneno matamu, alipoona jumba la Hallbäck limefunguliwa bila kiingilio, ulimi ulimwasha. Jumba ni la enzi za Malkia Viktoria, minara miwili, vioo vya rangi. Kibao ukutani kinasema Hallbäck, mwenyekiti wa baraza la mji, aliwaletea wananchi maji ya bomba. Hakisemi kwamba bomba lilikaa bafuni kwake miaka tisa ndipo likavuka barabara kwa vibarua wake. Vibao vina adabu, havisengenyi marehemu.

Mteja alikuwa tayari: Mugambi wa mtaa wa Vällingby, mtu aliyejulikana kwa njaa ya cheo. Jioni hiyo chama cha Waswahili kilikuwa kinachagua mwenyekiti mpya ukumbini, mtaa wa Bredäng, maana mwenyekiti wa sasa, mama Akeyo alikuwa hoi: kufungua ukumbi yeye, misiba yeye, kuosha sufuria za pilau yeye. Pilau Optatus alilijua vizuri. Sufuria hawakuwahi kukutana.

"Kaka, kwa nini tunasema mwenyekiti?" Optatus alimuuliza Mugambi, wakiwa jumbani mbele ya kiti cha ngozi cha Hallbäck, kilichozungushiwa kamba. "Ni mwenye kiti. Wahenga hawakubahatisha. Mwenye kiti cha Hallbäck nani atamshinda?"

"Si hiki ni cha jumba, bwana?"

"Hiki nakala. Ukiona kitu kimewekewa kamba, ujue ni cha kuzugia watalii. Chenyewe kiko kwangu Hjulsta."

Chenyewe kilitoka duka la mitumba, mguu mmoja ukichechemea. Walipofika Hjulsta, Mugambi alikipapasa nusura alie, akatoa bahasha nzito. Optatus akaizika mfukoni. Muungwana hachungulii bahasha mbele ya mteja.

"Nibebee hadi ukumbini, ndugu yangu," Mugambi akaomba. "Mgongo wangu huu."

Kwa bahasha nzito vile, angembeba hata Mugambi mwenyewe. Akapanda treni, akashuka, akapanda nyingine, akaingia ukumbini kiti kichwani.

"Hicho kiti cha nani, baba?" akauliza mama Akeyo.

"Cha Mugambi. Keshanilipa."

"Mimi?" Mugambi akashangaa. "Hebu fungua bahasha."

Ndani mlikuwa na mhuri wa chama na ufunguo wa ukumbi.

"Hapo hakuna malipo, bwana," Mugambi akasema. "Hayo ni makabidhiano. Mama Akeyo ndiye aliyenituma."

"Haya, jamani," akasema mama Akeyo, "mwenye kiti ni nani?"

"Optatus!" Mikono yote ikapaa, hadi ya waliokuwa wanakula.

"Lakini sikugombea. Na mimi nilikuwa naondoka."

"Nenda tu, mwenyekiti," mama Akeyo akamwambia, akivaa koti lake polepole, kama mtu aliyetoka jela. "Ila hapa anayefunga ni mwenye ufunguo. Sufuria ziko jikoni."