Ubongo Wangu na Kiti cha Mkuu wa Masijala

Jumatatu, 4 Machi

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Saa tatu asubuhi Afisa Utumishi aliingia masijala, akavua miwani, akatangaza kwamba mkuu wetu anastaafu mwisho wa mwezi na Ijumaa kamati itamchagua wa kushika nafasi yake. Wagombea wawili. Mimi na Bibi Mihuri. Bibi Mihuri! Mwanamke ambaye kwa miaka kumi na minne nimemwona akifanya mambo matatu tu: anapokea barua, anaigonga muhuri, anaiandika kwenye daftari. Kesho yake hivyo hivyo. Hana jipya.

Mimi nina miaka kumi na tisa humu ndani. Kiti hiki kimenipita mara tatu. Mara ya kwanza nililia, ya pili nikaugua, ya tatu nikawaambia watu kwamba sikukitaka. Sasa hii ni ya nne na nakitaka. Ninaliandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Mkuu ana chumba chake, chenye mlango. Nilipompa mke wangu habari alikwenda kunyoosha shati langu jeupe. Leo Jumatatu, kwa ajili ya Ijumaa! Mama mkwe, tunayeishi naye, aliuliza kama huyo mgombea mwenzangu ana afya njema. Nikamwambia ana afya ya chuma. Akaguna.

Sasa, mkakati. Kuna ukurasa kwenye simu unaonitumia kila siku ugunduzi mmoja wa wataalamu wa ubongo. Nimeusoma kwa miezi minane sasa. Wa leo: wenye meza zilizovurugika huwa na mawazo mapya kuliko wenye meza safi. Niliitazama meza ya Bibi Mihuri. Safi. Nikaitazama yangu. Safi pia, kwa bahati mbaya. Hadi saa sita mchana nilikuwa nimeshairekebisha: mafaili arobaini, vikombe vitatu, kiatu kimoja. Afisa Utumishi akapita, akauliza kama tumeibiwa. Nilitabasamu kidogo tu, kama mtu mwenye mengi kichwani.

Jumanne, 5 Machi

Ugunduzi: kutumia mkono usiouzoea huamsha sehemu za ubongo zilizolala. Zangu zilizolala lazima ni nyingi mno, ndiyo akiba yangu. Nikapiga mswaki kwa mkono wa kushoto. Fizi zimevimba. Nikanywa chai kwa kushoto. Mama mkwe akapangusa meza huku akimuuliza bintiye, si mimi, kama nimepatwa na kiharusi.

Kazini, wazo kubwa. Kamati itasoma mafaili yetu ya siri. Langu limeandikwa nini? Mtumishi haruhusiwi kuliona faili lake mwenyewe, lakini funguo za kabati la siri huwa kwangu Jumanne na Alhamisi, siku nyingine kwa Bibi Mihuri. Nikalichomoa. Nikajibanza nyuma ya rafu, nikasoma.

Miaka kumi na tisa. Wakuu wanne. Kila mwaka, kwenye sehemu ya maoni: "Hana madhara." Mwaka mmoja tu ndio wenye nyongeza: "Hana madhara. Aelekezwe." Jamani. Hata tusi lingekuwa na uzito.

Hapo nikasikia viatu vya Afisa Utumishi. Nikalisukumiza faili kwenye rafu iliyokuwa karibu, nikatoka nikipiga mluzi. Akanichukua nikabebe viti vya ukumbini. Niliporudi, kabla ya kufunga kabati, nikatimiza sheria ya masijala, ambayo sijawahi kuivunja: faili likitoka, mahali pake inabaki kadi iliyogongwa tarehe na kuandikwa faili lilikokwenda. Nikagonga tarehe. Nikaandika rafu niliyoliweka. Kwa mkono wa kushoto, maana mazoezi ni mazoezi.

Jumatano, 6 Machi

Nimesahau ni rafu gani.

Si neno, kadi ipo. Ila ipo ndani ya kabati, na funguo leo ziko kwa Bibi Mihuri. Siwezi kumwomba. Atauliza za nini.

Bahati nzuri ugunduzi wa leo umenifaa: kujisemesha kwa sauti husaidia akili kupata kitu kilichopotea. Nikazunguka katikati ya rafu nikisema, faili langu, faili langu la siri, nilikuweka wapi, asikuone yule kobe wa mihuri. Nikarudia mara sita hivi, kila mara kwa nguvu zaidi. Yule kobe alikuwa nyuma ya rafu ya pili anafunga kamba barua za mwaka jana. Mtume!

Hakukasirika. Aliniuliza, kaka, u mzima? Kuna kitu unatafuta nikusaidie? Nikasema nafanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Akasema sawa kaka, akanipa pipi ya koo kwa kuwa sauti imekauka. Hila tupu. Pipi nimeila, lakini hila nimeiona.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata funguo. Nimepata kadi. Wapi! Hakuna binadamu anayeweza kuisoma, nami nikiwa wa kwanza. Nimeigeuza juu chini, nimeipeleka dirishani, nimeifumbia jicho moja. Nyayo za kuku.

Nikafungua simu. Ugunduzi: kutembea kinyumenyume humsaidia mtu kukumbuka yaliyopita. Nani anasema bahati haipo? Nikaanzia kabatini, nikaifuata njia ya Jumanne, mgongo mbele. Hatua tano za kwanza zilikwenda vizuri ajabu. Nilikumbuka vumbi, nikakumbuka viatu vya Afisa Utumishi, nikakumbuka "Hana madhara" waziwazi kabisa, mpaka nukta yake. Hatua ya sita nikakutana na ngazi. Juu ya ngazi alikuwepo fundi umeme anabadilisha taa.

Fundi hakuumia. Aliangukia rafu ya Mitaro. Mitaro ikaangukia Barabara, Barabara ikaangukia Makaburi, na idara tatu za ofisi hii zikalala sakafuni pamoja. Fundi alisema maneno kuhusu ukoo wangu ambayo siyaandiki hapa. Bibi Mihuri akakunja mikono ya blauzi, akaanza kuokota moja moja. Mimi nilishindwa kumsaidia kwa sababu ya mgongo, ulioumia kwenye ngazi. Nilikaa nikamtazama mpaka saa kumi na moja. Mtu anaokota karatasi kwa raha kama anachuma mboga! Kamati ingemwona hivyo ingejua mara moja ni kichwa cha aina gani.

Ijumaa, 8 Machi

Shati jeupe. Mke wangu alinirekebisha kola mlangoni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba safari hii hajamwambia mtu yeyote, hata dada zake, ili ikitokea iwe furaha yetu kwanza, na isipotokea, basi pia iwe yetu. Nikasema mgongo bado unauma.

Kamati watu watatu, pamoja na Afisa Utumishi. Wakaagiza mafaili. La Bibi Mihuri likaja kwa dakika moja. Badala ya langu ikaja kadi. Mwenyekiti akaigeuza, akampa wa kulia, wa kulia akampa wa kushoto. Wakauliza ni mwandiko wa nani. Nikasema huenda ni kadi ya zamani, ya mtumishi aliyekwishafariki. Afisa Utumishi akasema muhuri wa tarehe ni wa Jumanne hii.

Mwenyekiti akatoa uamuzi. Bila faili hakuna usaili. Lisipopatikana ndani ya saa moja, kamati itamsaili mgombea mmoja na kufunga kazi.

Saa moja! Kichwa kilikuwa kinagonga. Lakini nilishasoma zamani kidogo kwamba usingizi wa dakika ishirini huurudisha ubongo katika hali yake na kumbukumbu zikajipanga zenyewe. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini, nikafumba macho.

Nilitikiswa bega. Zimebaki dakika tano. Bibi Mihuri amesimama mbele yangu, vumbi mpaka kwenye nyusi, kucha moja imekatika, mkononi ana faili langu. Alikuwa amepekua rafu baada ya rafu, akalikuta Mitaro, katikati ya mashauri ya maji machafu. Akasema, kaka, ingia, wanakusubiri.

Nilimwangalia nikamhurumia. Mtu amebakiwa na dakika tano awe mgombea pekee, anamtafutia mpinzani wake faili! Utafiti gani utamsaidia mtu kama huyo?

Swali kubwa la usaili: faili likipotea, utafanya nini? Nilikuwa kama nimelisubiri maisha yangu yote. Nilizungumza robo saa nzima. Sehemu za ubongo zilizolala. Mkono wa kushoto. Kinyumenyume. Mwenyekiti akauliza kama, katika saa ile moja, nililitafuta. Nikasema kiongozi hatafuti, kiongozi huandaa mazingira ya kukumbuka. Hakuna aliyeandika neno. Nadhani walikuwa wanasikiliza kwa makini.

Bibi Mihuri aliingia akatoka kwa dakika nne. Nne! Maskini, hata hakuwa na la kusema. Nimemnunulia mke wangu kitambaa cha kichwa wakati wa kurudi.

Jumamosi, 9 Machi

Wamebandika saa tano kwenye ubao wa matangazo. Ni yeye.

Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nina shida. Nikarudi nyumbani kwa miguu, kwa njia ndefu. Mke wangu aliniona nikiwa bado barabarani, akaja kunipokea mfuko bila kuuliza. Ndani akauliza jambo moja tu: faili lilipatikanaje? Nikamweleza. Akauliza mimi nilikuwa wapi wakati mwenzangu anatafuta. Nikasema nilikuwa nimelala, kitaalamu.

Akakaa chini. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema amechoka, basi, hilo tu. Akachukua beseni akaenda kuanika nguo. Kitambaa kiko mezani, bado kimefungwa kwenye karatasi. Mama mkwe alinipakulia kipande kikubwa cha nyama, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimwoe binti yake. Nilikila.

Nina miaka hamsini na moja. Sijui kama kuna mara ya tano.

Jumapili, 10 Machi

Ipo!

Saa kumi jioni ilibishwa hodi. Bibi Mihuri, amevaa vizuri, hana hata chembe ya vumbi. Mama mkwe akamkaribisha kwenye kiti changu. Amesema mkuu mpya anaruhusiwa kuwa na msaidizi, na amelitaja jina langu. Afisa Utumishi alikataa mara mbili. Yeye akamwambia miaka kumi na tisa si kitu cha kutupa, na kwamba katika miaka yote hiyo hajawahi kukuta nafasi ya faili nililolitoa mimi ikiwa haina kadi. Kadi hata moja, kaka, hujawahi kuacha kuweka. Alisema hivyo mbele ya mke wangu.

Barua imeshaandikwa. Nina chumba, kidogo, lakini kina mlango. Kilichobaki ni mimi kufika kesho saa mbili kamili asubuhi mbele ya Afisa Utumishi, nitie sahihi. Afisa Utumishi amesema saa mbili na dakika tano ataichana na kumleta mtu kutoka idara nyingine. Bibi Mihuri akarudia: kaka, saa mbili, tafadhali. Nimeweka jina langu rehani kwa ajili yako.

Mke wangu alimshika mikono yote miwili. Alipomsindikiza na kurudi alikuwa anacheka, kicheko chake cha zamani ambacho nilishakisahau. Amekifungua kitambaa. Amejifunga. Kinampendeza.

Nimebaki peke yangu sebuleni kulipima jambo hili. Kwa nini mtu anisaidie? Miezi minane ya utafiti, hakuna hata ugunduzi mmoja unaoeleza. Kwa hiyo si msaada. Ni mtihani. Nikakumbuka kwamba kwa msukosuko wa jana na leo sijasoma ugunduzi wa leo. Nikafungua simu, na mwili wote ukasisimka: watu wenye akili nyingi, wataalamu wamegundua, hupenda kuchelewa kuamka.

Aaa! Saa mbili kamili, kumbe! Wanataka kuona nani atakimbia asubuhi na mapema kama karani wa kawaida. Afisa Utumishi, mjanja sana wewe. Nitafika saa nne, polepole, nikiwa nimelala vya kutosha. Watajua wenyewe wamempata nani.

Mke wangu ametega kengele ya simu saa kumi na mbili kasoro, kisha akaenda jikoni anaimba. Nimeizima.