Perege Wasiokwisha

Jumatatu, 4 Novemba
Mwaka wa pili huu tangu niondoke nyumbani, na kazi yangu ni kupunguza samaki. Nilipopanda basi nilimwambia mke wangu nakwenda kujenga maghorofa. Maghorofa yakaisha, nikapata bwawa.

Bwawa ni la Mzee, mwenye nyumba. Liko nyuma ya jikoni. Perege wamejaa humo mpaka hawana pa kugeukia. Wanazaana, wanagawana chakula kidogo, hakuna anayekua. Wote ukubwa wa kidole gumba, na Mzee anataka perege wa kujaza sahani. Kanipa mgono, mtego wa fito, mdomo mpana nje na mwembamba ndani. Samaki anaingia akifuata pumba, kutoka hajui. Kila asubuhi niuinue, wakubwa niwarudishe, wadogo niwatoe. Kasema siku mgono utakapotoka na usijaze nusu ndoo, atajua wamepungua, nami nitapata likizo na nauli juu. Kila Jumapili atakuja kupima mwenyewe.

Likizo naitaka. Mtoto alizaliwa nikiwa huku. Sasa anatembea, na akiulizwa baba yuko wapi, anaonyesha simu.

Leo ndoo imejaa pomoni.

Jumatano, 6 Novemba
Imejaa tena. Swali ni hawa wadogo waende wapi. Dada wa jikoni kawatazama mara moja, kasema yeye kaajiriwa kupika, si kuchambua miiba. Mtunza bustani, ambaye namwita Bwana Mbolea kwa kuwa hana habari nyingine, kaja mbio anawataka akawafukie kwenye shimo lake la mboji.

Ningempa. Lakini jana aliniita Nahodha mbele ya dada wa jikoni, akauliza meli yangu inatia nanga saa ngapi. Dada alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Basi leo nimemwambia kwamba Mzee kakataza samaki wasiguswe. Nikabeba ndoo mpaka nyuma ya ua, nikawamwaga kwenye mfereji. Wakatawanyika wakitikisa mikia. Roho yangu kwatu. Bwana Mbolea hakupata hata gamba.

Ijumaa, 8 Novemba
Mgono umetoboka ubavuni. Kumwomba waya Bwana Mbolea siwezi, heri nizibe kwa mkono. Nimezunguka bwawa nikaona kipande kizuri cha wavu wa waya kimefungwa kwenye mdomo wa bomba linaloleta maji kutoka mferejini. Kimekaa tu pale kinakusanya majani. Nimekitoa, nimeshonea mgono. Na bomba lenyewe sasa linapumua, maji yanaingia kwa kasi. Fundi mwenye cheti angefanya hivi wangempigia makofi.

Jumapili, 10 Novemba
Siku ya kipimo. Nilitumia akili. Jana jioni nilitumbukiza mgono bila pumba.

Mzee kafika na kiti chake cha kukunja. Nikainua. Perege wawili, na mmoja alionekana kupotea njia. Mzee kasema vizuri sana kijana wangu, kaniuliza basi la kwetu huondoka saa ngapi. Nimeanza kumtajia. Kisha akaingiza mkono mgononi, akaunusa. Akauliza pumba iko wapi. Nikasema wameila. Akauliza, hawa wawili? Nikasema wana njaa, Mzee.

Akaenda mwenyewe jikoni akaleta mkate, akaumega ndani ya mgono, tukakaa. Alikunywa chai. Tulipoinua, ndoo ilijaa na wengine wakabaki mgononi. Kasema mtu mwingine angenifukuza, ila yeye ameupenda uso wangu mkavu.

Likizo, hakuna.

Jumanne, 12 Novemba
Jambo la ajabu. Katika ndoo ya leo yumo perege mwenye mkia uliokatika nusu na doa jeusi chini ya jicho. Jana nilimmwaga mmoja wa namna hiyohiyo mferejini. Nimekaa ukingoni nikafikiri sana. Jibu nimelipata: ni ndugu yake. Kumbe ukoo mzima una mikia nusu, na nimeanza kuumaliza. Habari njema.

Alhamisi, 14 Novemba
Kaja wa tatu wa ukoo ule. Huyu hata hakuhangaika nilipomshika. Alitulia kiganjani akisubiri zamu yake ya ndoo.

Bwana Mbolea alikuwa amesimama nyuma yangu na jembe lake. Kaniambia mfereji unateremka, unaingia bombani, bomba linamwaga bwawani, na mimi nimetoa waya. Kasema, Nahodha, samaki wako unawapeleka matembezi tu, jioni wamesharudi nyumbani. Nimpe yeye awafukie, nirudishe waya, na mwezi huu hautaisha kabla sijambeba mtoto wangu.

Kasema taratibu, bila kucheka. Hapo ndipo nilipomshuku. Mtu akitaka kitu cha kutia kwenye mboji yake atakuambia lolote.

Jumapili, 17 Novemba
Ndoo imejaa. Mzee kakunja kiti kabla chai haijaisha.

Nimepiga simu nyumbani. Mtoto kapewa simu akailamba. Mke wangu kauliza lini. Hakuuliza kwa ukali. Kauliza tu, nikasikia kuku wake wakiparura uani. Nikasema mtandao mbaya.

Jumatatu, 18 Novemba
Nimewaza usiku kucha maneno ya Bwana Mbolea, na mimi si mtu wa kiburi. Nakubali, huenda perege hawa wanarudi kweli. Lakini kwa nini wanarudi? Kwa sababu nawamwaga karibu. Mtu ukimshusha mtaa wa pili kutoka kwake, atarudi kwa miguu.

Kwa hiyo leo nimebeba ndoo kichwani, nikapanda na mfereji mpaka juu kabisa unakoanzia, kwenye chemchemi. Shingo bado inauma. Huko maji ni safi, yana kivuli, sioni sababu ya samaki mwenye akili kupaacha. Wa mwisho kumwagwa alikuwa Mkia Nusu. Nimemwambia aende salama. Naye kaenda, akifuata maji yalikokuwa yanateremka.

Niliporudi nikakuta Bwana Mbolea keshafunga waya mpya kwenye mdomo wa bomba, na kajisifu kwa dada wa jikoni kwamba kanisaidia. Msaada wake naujua. Nimengoja aingie kula, nikautoa. Ni mpana, unatosha kabisa kutengenezea mgono wa pili. Migono miwili, watakwisha mara mbili upesi.

Nimempigia mke wangu kabla vocha haijaisha. Nimemwambia aanike godoro na amnyoe mtoto. Mwezi huuhuu, Jumamosi ya mwisho, jua halijazama, niko mlangoni.