Nilivyomtunza Mwalimu wa Muziki wa Kihindi

Jamani, nimetoka kuaibika sasa hivi. Niko kwenye basi, mtandio nimeushusha mpaka puani.

Binti yangu Rehema anataka kujifunza kuimba muziki wa Kihindi. Ule wa asili, si wa filamu. Jirani yetu huku ughaibuni, St. James Town, dada Shirin, Mhindi wa Mwanza, akatutafutia mwalimu. Mwalimu mwenyewe hapokei kila mtu. Akasema tuje leo kwenye kikao chake, atuone kwanza. Rehema akanisihi njia nzima: "Mama, please, usifanye kitu." (Kitu gani? Mimi?)

Tukavua viatu, tukakaa kwenye zulia na dada Shirin na wasikilizaji wengine. Mwalimu, mzee mkavu, akaanza na hotuba. Eti siku hizi vikao vya muziki vimekuwa biashara, mtu anaimba huku wanatangaza nyumba za kuuza. Hapa kwake ni darasa, pesa haikanyagi. Nikaitikia kwa kichwa kuliko wote, anione.

Akaanza kuimba. Polepole mno! Nikasinzia kidogo (kidogo tu, msianze). Mara tabla, zile ngoma zao ndogo, ikachanganya, sauti ikapanda, ikazunguka, ikanishika hapa kifuani. Wenzangu wananyoosha mikono, "Wah! Wah!", lakini hakuna anayenyanyuka. Wachoyo gani hawa? Kwetu Tanga mtu aimbe hivi aachwe bila kutunzwa?

Uzalendo ukanishinda. Nikapiga kigelegele, nikaenda mbele kwa madaha, kiuno kikifuata tabla, nikambandika mwalimu noti ya dola ishirini kwenye paji la uso.

Ikanata. Jasho, nadhani.

Tabla ikakatika. Hapo ndipo ile hotuba iliponirudia, neno kwa neno. Nyuma yangu Rehema: "Oh my God, Mama."

Mwalimu akaibandua noti kwa vidole viwili. "Hii ni nini?"

Dada Shirin, Mungu ambariki, akanitetea: "Kwao wimbo ukimgusa mtu, hawezi kukaa. Anakwenda kumtunza mwimbaji."

Mzee akanitazama. Akamtazama Rehema, aliyeficha uso magotini. Akanirudishia noti yangu.

"Mtoto aje Jumamosi," akasema. "Mama aishie mlangoni."

Basi Rehema kapata, ila kahamia kiti cha nyuma kabisa, hanijui. Na mimi nimefukuzwa shule hata sijaandikishwa. Msinicheke. Noti ninayo bado, na siku mwanangu akipanda kuimba, tutaona huo mlango.